Juisi tupu siku tano au sahani ndogo ya chakula: kipi kinapunguza mwili kweli?

Zipu ilipanda mpaka chini ya mbavu, ikagoma. Fundi akaivuta mara mbili, akaishusha taratibu, akanitazama kupitia kioo.

"Dada, kitambaa cha sare kimeshaisha dukani. Ama nifungue mshono, ama wewe upungue."

Ilikuwa Jumapili jioni, na sendofu ya wifi yangu mdogo ilikuwa Jumamosi. Kwa kiburi nikamwambia asiguse mshono. Usiku huo huo nikaamua kunywa juisi tupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kama nilivyoona wenzangu wengi wakifanya kabla ya shughuli. Wifi yangu mkubwa, ambaye zipu yake nayo ilikuwa na maneno, alicheka tu. "Wifi, mimi sinywi maji ya matunda nikaita chakula. Nakula, ila sahani yangu itapungua." Tukakubaliana kutumia mizani moja, asubuhi, kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Daftari lilisoma hivi, kwa kilo:

| Asubuhi ya | Mimi (juisi) | Wifi (sahani) |
|---|---|---|
| Jumatatu, kabla ya kuanza | 84.2 | 79.0 |
| Jumatano | 82.7 | 78.2 |
| Jumamosi ya sendofu | 81.0 | 77.3 |
| Jumatatu baada ya pilau | 82.9 | 77.8 |
| Wiki mbili baada ya sendofu | 83.6 | 76.5 |

Ukiishia mstari wa tatu, mimi ndiye mshindi: kilo 3.2 kwa siku tano, yeye 1.7. Wengi wanaokusimulia habari za juisi wanaishia hapo hapo. Ukishuka hadi mstari wa mwisho unakuta nimebakiwa na nafuu ya kilo 0.6, na mwenzangu aliyekuwa akila samaki mchana na usiku amepungua kilo 2.5. Sisi ni watu wawili tu, na yeye aliendelea na sahani yake baada ya shughuli wakati mimi nilirudi kwenye maisha yangu. Lakini hesabu ya mwili inaeleza vizuri kwa nini ilitokea hivyo.

Kilichoshuka kwenye mizani

Mwili unaweka akiba ya wanga inayoitwa glaikojeni: takriban gramu 100 kwenye ini na kama gramu 400 kwenye misuli. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama 3 za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Juisi ina sukari, kwa hiyo akiba haiishi yote, ila juisi karibu haina chumvi kabisa. Mtu aliyezoea mchuzi wa nazi, kachumbari ya chumvi na chipsi akikata chumvi siku moja, figo zinaachia maji yaliyokuwa yameshikiliwa. Jumatatu na Jumanne nilikuwa chooni kila baada ya saa moja na nusu. Ongeza kwamba utumbo, ambao siku zote unabeba chakula kinachosafiri, ulikuwa karibu mtupu.

Sasa weka mafuta yenyewe kwenye hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Juisi zangu glasi sita kwa siku zilikuwa na kalori kama 1,000, na mwili wangu unatumia kama 2,000. Pengo la kalori 1,000 kwa siku tano ni 5,000. Hata tukisema pengo lote lilitoka kwenye mafuta, ambalo si kweli, ni kilo 0.65. Zilizobaki, zaidi ya kilo mbili na nusu, zilikuwa maji na utumbo mtupu. Pilau ya sendofu ilirudisha sehemu kubwa yake kwa wikiendi moja. Rudi kwenye daftari utazame kilichobaki baada ya wiki mbili: 0.6. Nilipofanya hesabu hii nilicheka peke yangu jikoni.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya watu 20 walionyweshwa juisi za matunda na mboga kwa siku tatu. Siku ya nne walikuwa wamepungua wastani wa kilo 1.7. Wiki mbili baadaye, wakiwa wamerudi kwenye chakula chao, ilikuwa imebaki kama kilo 0.9. Kwa hiyo anayesema juisi "haifanyi kazi kabisa" anakosea, na anayesema "nimekata kilo nne za mafuta kwa wiki" anakosea zaidi.

Makapi yalienda kwa mbuzi

Kabla ya kuanza nilipita Buguruni sokoni asubuhi nikarudi na machungwa, nanasi, karoti, matango, tangawizi na limau. Glasi moja ya juisi ya chungwa inakula machungwa matatu au manne. Karoti kilo moja, ukiisaga na kuichuja, inakupa kikombe ambacho unakimaliza kabla hujaketi. Kila jioni nilikuwa na beseni la makapi, rangi ya chungwa na kijani, na mtoto wa jirani alikuja kulichukua kwa ajili ya mbuzi wao. Siku ya tatu mbuzi walianza kulia wakisikia blenda.

Nyuzinyuzi zote nilizonunua, kwa kifupi, zililiwa na mbuzi. Nyuzinyuzi hizo ndizo zinazokufanya ushibe, zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, na zinazolisha bakteria wazuri wa utumbo. Ukila chungwa zima unapata kalori kama 60 na gramu kama 3 za nyuzinyuzi, na likiisha huna hamu ya la pili. Glasi ya juisi yake inakupa zaidi ya gramu 20 za sukari, na baada ya dakika arobaini unauliza nyingine iko wapi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kijiko, hata kama hukuongeza chembe. Linashauri isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25. Mimi nilivuka hapo kabla ya saa nne asubuhi.

Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kilitoa utafiti mdogo wa watu 14. Wengine walikunywa juisi tupu kwa siku tatu, wengine juisi pamoja na chakula, wengine walikula mimea mizima. Kwa waliokunywa juisi tupu, bakteria wa mdomoni walibadilika haraka, na wale wanaohusishwa na uvimbe wa ndani ya mwili wakaongezeka. Watu 14 si wengi, nisijenge nyumba juu yake. Ila kuchuja makapi na kuyamwaga ndiko kulikotiliwa shaka hata huko.

Halafu kuna protini. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito; kwangu mimi ni gramu 67 kwa siku. Glasi sita za matunda na karoti hazikufika hata robo. Siku tano hazimalizi misuli ya mtu, lakini anayerudia mchezo huu kila mwezi, au anayeuvuta hadi siku 21, anakula misuli yake. Na misuli ikipungua, mwili unatumia nguvu pungufu kuliko zamani hata ukiwa umelala, kwa hiyo chakula kile kile cha zamani kinaanza kukunenepesha.

Nikuambie pia nilivyojisikia, maana mizani haiandiki hayo. Jumanne mchana kichwa kilinigonga mpaka nikafunga mapazia. Nusu ya kosa ilikuwa ya njaa na nusu ya chai, kwa sababu nilizoea vikombe vitatu vya chai ya rangi kwa siku na nilikata vyote pamoja. Jumatano nilimgombeza mtoto kwa kosa la kudondosha kijiko. Alhamisi ilikuwa nyepesi, hata niliona kama naweza kuendelea. Ijumaa usiku niliota ugali na dagaa.

Sahani ya wifi

Yeye hakuwa na la kusimulia, na hilo ndilo lililonivutia baadaye. Hakununua chochote kipya. Alipunguza ugali kutoka ule mlima wa kawaida hadi ngumi moja, akajaza nusu ya sahani kwa mboga za majani, na robo ikawa samaki, maharage au kuku asiye na ngozi. Mafuta ya kupikia alianza kuyapima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori kama 120, na mkono uliozoea kumimina unaweka vinne bila kujua. Unga wa mahindi gramu 100 ni kalori kama 360, kwa hiyo kipande cha ugali alichokiacha kila mlo kilikuwa kitu kikubwa. Soda aliiacha, na kwenye chai alitoka vijiko vitatu vya sukari akaja kimoja. Chumvi ya mezani aliiondoa mezani.

Chumvi na ugali ndivyo vilivyompa zile kilo 1.7 za wiki ya kwanza. Pengo lake la kalori halikuzidi 500 kwa siku, ambalo kwa siku tano ni kama kilo 0.3 za mafuta. Nyingine yalikuwa maji, kama yangu. Maji yale yale niliyoyatoa kwa njaa na kichwa kuuma, yeye alitoa sehemu yake nzuri akiwa ameketi mbele ya sangara wa kuchemsha. Kwenye futi ya fundi mimi nilipungua kiunoni sentimita 3, yeye 2, na zipu zote mbili zilipanda.

Ila yangu ilianza kunibana kufikia muda wa keki. Utumbo uliokaa mtupu siku tano ukipokea pilau, nyama na soda mbili ndani ya saa moja, unajaa gesi na maji kwa pamoja. Picha za kulishana keki zinanionyesha nimeshika mtandio mbele ya tumbo kama mtu anayeficha zawadi.

Wiki zilizofuata ndizo zilizotutenganisha. Yeye hakuwa na siku ya "kumaliza", kwa sababu hakuwa ameanza kitu chenye mwisho. Kasi yake ya nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo ambayo madaktari wengi wanaiita salama. Wanaopungua kwa kasi kubwa kwa muda mrefu, zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wanajiongezea hatari ya vijiwe kwenye mfuko wa nyongo.

Njia nyingine ambazo utaambiwa

Kufunga kwa saa, yaani kula ndani ya saa nane na kukaa na maji saa kumi na sita, kunawasaidia wasiopenda kupima chakula. Kunafanya kazi pale tu kunapopunguza jumla ya unachokula. Mwezi wa Ramadhani tumeuona wote: wapo wanaopungua kilo moja hivi, na baada ya Idi inarudi polepole, na wapo ambao futari ya mihogo ya nazi, kalimati na uji wa sukari inawaongezea.

Kinywaji kizito kisichochujwa ni ndugu wa juisi mwenye akili. Parachichi nusu, mtindi, ndizi ndogo, kijiko cha karanga, usage na usichuje. Kikichukua nafasi ya mlo mmoja, huku milo mingine ikibaki ya kawaida, unapata protini na nyuzinyuzi na unashiba. Kikiongezwa juu ya milo mitatu ni mlo wa nne.

Na kuna vimiminika vilivyofanya kazi kubwa kweli. Utafiti wa DiRECT uliofanyika Uskoti na kaskazini mwa Uingereza uliwahusisha watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili. Nusu yao waliishi kwa supu na vinywaji maalumu vya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Matokeo ya mwaka wa kwanza, yaliyotoka 2017, yalionyesha wamepungua wastani wa kilo 10, na karibu nusu yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Tofauti na blenda yangu ni kwamba vinywaji vile vilipimwa vikawa na protini, vitamini na madini, wauguzi na wataalamu wa lishe waliwafuatilia, dawa zao zilirekebishwa, na walirudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua. Kunywa badala ya kutafuna si kosa. Kosa liko kwenye kilichomo ndani ya glasi na kwenye kukosa mtu wa kukusimamia.

Ule mchanganyiko wa limau, kitu kitamu na pilipili unaozunguka kwenye simu zetu ni wa zamani. Mmarekani Stanley Burroughs aliuanzisha miaka ya 1940 akitumia utomvu mtamu wa mti wa maple, na Beyoncé aliupa umaarufu mpya mwaka 2006 aliposema aliutumia kupungua kwa ajili ya filamu. Ni sukari na limau. Maneno ya "kutoa sumu" niyaguse kwa ufupi: ini na figo zinafanya kazi hiyo usiku na mchana bila kulipwa, na hakuna juisi inayozipa likizo.

Nani asiguse juisi tupu

Hapa sitanii. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi yuko hatarini pande zote mbili: sukari inapanda kwa juisi, kisha inaanguka kwa sababu dawa iko palepale na chakula hakipo. Mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kujazwa potasiamu ya ndizi, machungwa na karoti, kwa sababu figo dhaifu hushindwa kuitoa na moyo ndio unaoumia.

Hata asiye mgonjwa wa figo ajihadhari na juisi ya kijani. Spinachi na mchicha vina oksaleti nyingi. Tukivichemsha na kumwaga maji, sehemu yake inaondoka. Tukivisaga vibichi glasi mbili tatu kwa siku, tunazinywa zote, na madaktari wameshaandika habari za watu waliofika hospitali na figo zilizozibwa na oksaleti baada ya kunywa hivyo kwa wiki kadhaa. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda asibadili ghafla kiasi cha majani ya kijani, kwa sababu vitamini K iliyomo inapingana na dawa. Juisi ya balungi nayo inapandisha nguvu ya baadhi ya dawa za presha na lehemu, kwa hiyo muulize mfamasia kabla ya kulinunua.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, kijana anayekua, mtu mwenye vidonda vya tumbo, na yeyote aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha: hapana. Na ukinunua juisi barabarani, uliza barafu imetoka wapi. Homa ya matumbo haichagui aliye kwenye mpango wa kupungua, ingawa nakubali nayo inapunguza uzito.

Mimi ningechagua hivi

Ukiwa na siku nne au tano kabla ya shughuli, na wewe ni mzima, usinywe juisi tupu. Punguza chumvi, ugali na wali, acha soda, ongeza samaki na mboga zilizochemshwa, punguza maharage na kabichi siku mbili za mwisho ili tumbo lisivimbe. Utapata sehemu kubwa ya kile nilichopata, na utafika ukumbini ukiwa na nguvu ya kucheza. Ukiwa na hamu ya juisi hata hivyo, iwe siku moja hadi tatu, usichuje, nusu yake iwe mboga, na mlo mmoja wa siku uwe wa kutafuna wenye mayai au samaki. Chai usiikate siku hiyo hiyo.

Ukiwa na miezi mitatu, chukua sahani ya wifi bila kujadili. Nusu kilo kwa wiki ni kilo sita kwa muda huo, na unga unaobaki ghalani ni faida.

Ukiwa na kilo nyingi za kupunguza, au kisukari au presha, nenda kliniki uulize mtu wa lishe. Njia kali zipo na zinafanya kazi, ila zinaanzia kwa kupimwa damu na kupitia dawa zako.

Na kama shida yako ni gauni tu, muulize fundi ameacha sentimita ngapi ndani ya mshono. Nilirudi kwake wiki mbili baadaye, kilo zangu zikiwa zimerudi karibu zote na kicheni pati nyingine iko mlangoni. Alikuwa ameacha tatu kila upande. Alifungua na kushona upya huku nikimalizia kikombe cha chai, na hakunidai hata shilingi.